Spika za Nyuma

Jumatatu, 9 Machi

Mvua imeanza saa nne asubuhi, na mimi nimeanza kuandika saa nane mchana. Katikati hapo sikuwa na la kufanya. Mchomelea vyuma hawezi kushika mashine ya umeme huku amesimama kwenye maji, kwa hiyo masika yote karakana yangu hufungwa zaidi kuliko inavyofunguliwa. Miaka mingine nilikuwa nalala tu. Mwaka huu nikilala naota, basi bora mikono ipate kazi. Daftari hili ni la kuchorea mageti. Nusu yake ni tupu.

Nyumbani tuko watatu: mama, mimi, na mdogo wangu. Mtaani wanamwita Chiriku, kwa sababu tangu utoto mdomo wake ulikuwa haupumziki. Siku hizi unapumzika. Ana miaka ishirini na sita, na tangu mwezi wa nane mwaka jana haoni. Tangi la lori lilimlipukia usoni pale karakanani, hatua kumi kutoka niliposimama.

Kwa leo inatosha.

Jumanne, 10 Machi

Mvua. Hakuna kazi.

Ijumaa, 13 Machi

Chiriku ametoka chumbani mwenyewe. Tulikuwa tunakula, mama na mimi, tukasikia mlango, kisha kiganja kikipapasa ukuta wa ukumbi. Mama aliacha kijiko hewani.

"Kaka, ile mashine yangu ya gemu mliiuza?"

"Iko uvunguni kwa mama."

"Niunganishie."

Nikamwambia kwa upole kwamba gemu ni mambo ya kuangalia. Akacheka, kicheko cha kwanza tangu hospitali.

"Nimepoteza macho, sikupoteza vidole. Niunganishie."

Nikaiunganisha kwenye runinga. Akachagua lile gemu la watu wawili kupigana ngumi, akanipa padi moja. Nilidhani nitamwachia ashinde. Wapi! Kumbe ngumi ikija kutoka kulia inasikika kwenye spika ya kulia, na anayeruka anaguna kabla hajaruka. Amenipiga mara saba. Mara ya nane niliomba maji ya kunywa. Mama alikuwa jikoni analia na bomba limefunguliwa ili tusimsikie, kisha akarudi amenawa uso na kutangaza kwamba zamu ni yake.

Jumamosi, 14 Machi

Mama kapigwa mara tano. Anadai padi yake ni mbovu.

Jumatano, 18 Machi

Leo amehamia kwenye lile gemu alilokuwa analipenda zaidi zamani, la hoteli iliyohamwa. Unatembea na tochi katika vyumba vitupu, na kuna watu wanakuwinda. Ramani yake anaijua kichwani: ngazi kumi na mbili, ukumbi, jiko upande wa kushoto. Lakini anakufa kila baada ya dakika mbili. Mwishowe akaweka padi chini.

"Runinga ina spika mbili, na zote ziko mbele yangu," akasema. "Kushoto na kulia napambanua. Mbele na nyuma ni kitu kimoja. Mtu ananijia kisogoni, mimi namsikia yuko mbele. Najigeuza nikimbie, namkimbilia yeye."

Nikamwambia pole.

"Siyo gemu tu, kaka. Hata humu ndani. Nyuma yangu kumekufa." Kisha akauliza: "Risiva ya baba bado ipo?"

Ipo. Marehemu baba alikuwa na ukumbi wa kuonyeshea video, na alipofariki miaka minne iliyopita tulibeba tu vitu viwili: kiti chake cha mbao na risiva yake ya kukuza sauti, lile dubwana jeusi lenye spika tano na ngoma ya besi. Baba alizitundika zile spika kuuzunguka ukumbi, mbele tatu na nyuma mbili, na watu walikuwa wanageuka kutazama ni gari gani linapita mgongoni mwao.

"Basi nataka hiyo," akasema Chiriku. "Nataka kusikia nyuma."

Alhamisi, 19 Machi

Siku nzima nimevuta nyaya. Risiva nimeipangusa, nikafukuza mjusi ndani ya besi, nikatundika spika tatu mbele na mbili nyuma ya kochi, moja kila kona, karibu na mlango wa ukumbi.

Risiva ni mzee kuliko mashine ya gemu, kwa hiyo matundu yao hayafanani. Gemu ina tundu moja tu, la ule waya mpana unaokwenda kwenye runinga. Risiva haina tundu hilo. Inachoweza kupokea ni ule waya mwembamba unaopitisha sauti kwa taa nyekundu, na tundu la namna hiyo liko mgongoni mwa runinga. Nikapitisha humo: gemu kwenye runinga, runinga kwenye risiva. Nikawasha.

Mbele zimelia, tena kwa kishindo. Nyuma kimya.

Nikadhani spika zimekufa. Nikabonyeza kitufe cha majaribio, kile ambacho risiva inatoa mvumo kwenye spika moja baada ya nyingine. Ssss, mbele kushoto. Ssss, katikati. Ssss, mbele kulia. Kisha ikahamia nyuma kulia, nyuma kushoto, ikarudi mbele, ikaendelea kuzunguka chumba kama mtu anayetembea taratibu akipangusa kuta kwa kitambaa. Spika zote nzima. Ni gemu tu haifiki huko.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina unga.

"Hivyo ndivyo alivyokuwa anafanya baba yenu," akasema, "kila jioni kabla ya kufungua mlango."

Nikaizima.

Jumamosi, 21 Machi

Nimerudi kutoka karakanani saa kumi. Mawingu yalikuwa yameshuka hadi ndani mkawa giza. Viatu nimeviacha mlango wa nyuma kwa sababu ya matope, nikaingia peku. Mama alikuwa kwa jirani. Chiriku amekaa kwenye kochi, kanipa mgongo, anacheza.

Nikajiambia: sasa. Nyumba ni tupu, tuko wawili. Nikasimama mlangoni nyuma yake, nikafungua mdomo.

Akasimamisha gemu. "Nani?"

Nikafunga mdomo.

"Kuna mtu hapo?" Akageuza uso, ule uso, kuelekea nilipo. Nilirudi kinyumenyume hadi nje, nikavaa viatu, nikazunguka nyumba kwenye mvua, nikaingia mlango wa mbele nikikohoa kama mwenye nyumba.

"Umefika sasa hivi?"

"Sasa hivi hii."

"Kulikuwa na mtu hapa nyuma."

"Upepo huo," nikasema.

Jumapili, 22 Machi

Daftari halina masikio. Acha niandike.

Tangi la mafuta haliguswi na moto kabla halijaoshwa. Unalijaza maji, unalisukutua kwa sabuni, unaliacha wazi hadi kesho yake, kwa sababu mvuke uliobaki ndio unaolipuka. Hiyo ni kanuni yangu mimi, niliyoiandika ukutani kwa mkono wangu. Siku ile mwenye lori alikuwa amesimama kando, anatazama saa yake, anapiga kidole kwenye funguo. Chiriku alivaa kofia yake ya kuchomelea, akawasha mashine, akageuka.

"Kaka, hili umeliosha?"

"Nimeliosha. Choma."

Sikuwa nimeliosha. Nililimwaga tu na kulinusa.

Kofia ilimwokoa kichwa, haikumwokoa macho. Hospitali daktari alisema mtu akipatwa na mshtuko wa namna ile, saa nzima inaweza kufutika na isirudi. Chiriku aliponyanyuka kitandani, jambo la kwanza alilomwambia mama, mimi nikiwa pale pale nimeshika chupa ya maji, ni hili: "Nilisahau kumuuliza kaka kama limeoshwa. Kosa langu, mama."

Mama akamwambia asijisumbue. Mimi nikammiminia maji.

Hiyo ni miezi saba sasa.

Jumanne, 24 Machi

Nimesimama tena mlangoni. Ameuliza tena "Nani?" Nimeondoka tena.

Ijumaa, 27 Machi

Nimefanya ujinga mwingine juu ya ule wa kwanza.

Kwenye rimoti ya risiva kuna kitufe, ukikibonyeza spika zote tano zinalia kwa pamoja. Nilikibonyeza mchana huu na nyuma zikalia. Nilijua si yenyewe. Sauti iliyokuwa mbele ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa nyuma, imetapanywa tu. Lakini Chiriku aliruka kwenye kochi, akapiga makofi. "Umeweza, kaka?"

Nikasema, "Nimeweza. Cheza."

Nilisikia maneno yangu yakitoka. Sauti ilikuwa ile ile ya karakanani.

Jumamosi, 28 Machi

Imemchukua siku moja. Asubuhi alikuwa anakufa kwenye gemu kama zamani, hasemi kitu. Kisha akainuka, akaenda kuweka sikio kwenye spika ya nyuma, akapapasa hadi ya mbele, akaweka sikio.

"Ni kitu kimoja," akasema. "Sasa nasikia adui yuko kila mahali. Ni vibaya kuliko mwanzo." Hakukasirika. "Ulijua?"

"Nilidhani itakufaa."

"Kama hujui, niambie hujui. Mimi siwezi kuchungulia."

Jumatano, 1 Aprili

Mvua siku ya tano mfululizo. Ukuta wa ukumbi umevimba. Nimesimama mlangoni karibu dakika kumi. Safari hii hakuuliza. Alipunguza sauti, akasikiliza.

Jumamosi, 4 Aprili

Kwenye chakula Chiriku akamwambia mama wazi: "Kuna mtu husimama nyuma yangu nikicheza. Hasemi. Nikimuuliza anaondoka."

Mama hakushtuka. Aliweka sahani chini taratibu. "Ni baba yenu."

"Mama!"

"Mashine yake mmeiwasha baada ya miaka minne. Mlitaka asije kuitazama? Mwenyewe nimemsikia juzi, nilikuwa chumbani nakunja nguo. Hatua za peku."

Wote wawili wakangoja nitie neno. Mdomoni nilikuwa na tonge. Nililitafuna mpaka likawa maji.

"Sijui," nikasema. "Labda."

Jumapili, 5 Aprili

Mama ametoa kiti cha baba stoo. Amekipaka mafuta, amekiweka pale mlangoni, nyuma ya kochi, katikati ya zile spika mbili.

Alhamisi, 9 Aprili

Mama anamsimulia. Nimemsikia asubuhi akifagia: bei ya sabuni, goti lake, jirani aliyehama bila kuaga. Anacheka. Miaka minne sijamsikia akicheka peke yake namna hii. Nikitaka kusema ukweli mmoja sasa itabidi niseme na wa pili.

Jumapili, 12 Aprili

Nimekwenda kwa Bi Nyaya. Ni fundi wa runinga, mama wa miaka hamsini na kitu, mwenye miwani mbili: moja machoni na nyingine kichwani, na huwa anaitafuta ya tatu. Nilimweleza. Akanisikiliza akiendelea kulehemu redio.

"Kijana, huyo runinga ndiye mwizi wako," akasema. "Gemu inatoa sauti sita. Runinga inazipokea, inazikoroga zinakuwa mbili, ndizo inazomtumia risiva. Risiva atapeleka nini nyuma? Hajapewa."

"Kuna dawa?"

"Kuna kujaribu. Kesho nakuja. Chai iwepo, na sukari isiogope."

Jumatatu, 13 Aprili

Bi Nyaya amekuja na mwavuli uliovunjika mbavu tatu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha baba akataka kukaa, mama akapiga kelele. Alipoelezwa ni cha nani, alikaa sakafuni bila swali.

Alifungua mipangilio ya gemu kwenye skrini, akawa anamsomea Chiriku kila neno kwa sauti kabla ya kugusa. "Hapa panasema sauti zitoke zimelegea. Waya mwembamba ule ni kama dirisha dogo, sauti sita zilizolegea hazipenyi. Tunaziambia zifungwe kifurushi kimoja, risiva akafungue mwenyewe. Umenielewa mwanangu?"

"Nimekuelewa."

"Sasa runinga tunaiambia: pokea kifurushi, pitisha, usifungue."

Runinga ilikubali kwenye maandishi, ikakataa kwa vitendo. Mbele zinalia, nyuma kimya. Bi Nyaya aliitazama runinga kama mtu aliyemdanganya mbele ya watu.

"Huyu hafundishiki. Tumruke. Kuna kisanduku, kidogo kama sabuni ya kuogea, kinakaa katikati ya gemu na runinga. Picha kinaiachia ipite, sauti kinaitoa pembeni na kuipeleka kwa risiva. Mjini hakuna. Nitaagiza. Siku kumi."

Wakati wa kuondoka nilimsindikiza getini. Akafunga mwavuli badala ya kuufungua, akaniangalia.

"Nyumba yenu ina baridi," akasema. "Wewe unaumwa?"

Nikasema ni mvua.

Jumatano, 15 Aprili

Mwalimu wa shule ya wasioona amekuja, mwenyewe pia haoni. Anamtaka Chiriku mwezi wa tano kwa mafunzo ya mwaka mzima: kutembea, kusoma kwa vidole, kazi ya mikono. Mama kafurahi. Chiriku kakataa. "Sistahili nafasi ya mtu," akasema. "Wengine walizaliwa hivyo. Mimi nilijitakia."

Mwalimu akauliza kwa nini. Chiriku akamsimulia tangi, na jinsi alivyosahau kuuliza.

Nilikuwa nimesimama hapo hapo na sinia la vikombe.

Jumamosi, 18 Aprili

Sijalala vizuri wiki nzima. Sijasimama mlangoni. Chiriku anamwambia mama, "Baba haji siku hizi." Mama anasema labda anasubiri mashine ipone.

Jumatano, 22 Aprili

Bati la karakana limeng'oka upande. Nimelipigilia kwenye mvua. Maandishi yangu ya ukutani yamelowa lakini bado yanasomeka: TANGI HALICHOMWI KABLA YA KUOSHWA. Nimechukua brashi ya waya nikayakwangua mpaka saruji.

Ijumaa, 24 Aprili

Kisanduku kimefika. Bi Nyaya alikuja nacho ndani ya blauzi, kisilowe. Gemu kwenye kisanduku, kisanduku kwenye runinga kwa waya mmoja na kwenye risiva kwa waya wa taa. Tukawasha. Nyuma kimya.

Chiriku aliinamisha kichwa. Mimi nikakaa chini. Bi Nyaya akashusha miwani ya kichwani juu ya miwani ya machoni, akakigeuza kisanduku, akacheka peke yake. "Wenyewe wameficha." Ubavuni kulikuwa na kiswichi kidogo kama punje ya mchele, kimeelekezwa kwenye mbili. Akakisukuma kwa ukucha hadi kwenye sita.

Kwenye uso wa risiva herufi za bluu ambazo sijaziona tangu ukumbi wa baba zikawaka. Halafu mlango ukafunguka nyuma yetu. Mama na mimi tuligeuka kabisa. Hakukuwa na mtu. Ulikuwa mlango wa ile hoteli kwenye gemu.

Chiriku hakugeuka. Alikaa wima, midomo wazi. Akasukuma kidole kwenye padi, ndani ya gemu akawa anazunguka mahali pamoja, na ule mlango unaolia ukapita nyuma kulia, ukaja ubavuni, ukafika mbele yake.

"Uko pale," akasema, akanyoosha mkono. "Sasa uko kule. Kaka, chumba kimerudi. Kina pande zote."

Akacheza saa mbili hajauawa hata mara moja. Bi Nyaya alikunywa chai vikombe vitatu na hakukubali malipo zaidi ya bei ya kisanduku. Mama alikuwa anakitazama kiti.

Jumamosi, 25 Aprili

Naandika yote leo leo.

Saa tisa alasiri, mvua kubwa. Mama alikwenda kuangalia mgonjwa. Niliingia mlango wa nyuma, peku, na safari hii sikupanga kusema kitu. Nilitaka tu kumwona akicheza. Ndivyo nilivyojidanganya.

Alikuwa ndani ya ile hoteli. Maji yanadondoka mahali fulani kushoto, hatua za mtu ghorofani, juu nyuma, zinashuka ngazi. Nilihesabu nazo. Nikasimama kando ya kiti cha baba. Nilihema mara moja tu, nadhani.

Chiriku akasimamisha gemu. Sauti zote zikakatika, ikabaki mvua kwenye bati.

"Hiyo haikutoka kwenye spika," akasema.

Alizima risiva kabisa. Akaweka padi juu ya goti, akaunganisha mikono yake, na hakugeuka. Alizungumza akiangalia mbele, polepole, kwa sauti ya mtoto aliyeitwa kujieleza.

"Baba, kama ni wewe, usiondoke. Sikuogopi tena. Najua kwa nini unakuja na husemi. Uliniachia kaka na mama nisaidiane nao, mimi nikawa mzigo. Nisamehe. Kanuni ilikuwa ukutani, kaka aliiandika kubwa. Nilikuwa na haraka, sijui haraka ya nini. Kila siku najitahidi kukumbuka nilikuwa nawaza nini mpaka nikasahau kuuliza. Sikumbuki. Baba, nilisahau tu kuuliza."

Nilishika mgongo wa kiti, kiti kikakwaruza sakafu.

"Uliuliza," nikasema.

Hakutikisika. Nilidhani hakunisikia.

"Ni mimi, Chiriku. Siku zote ni mimi. Uliuliza. Ulisema, kaka hili umeliosha? Nikasema nimeliosha, choma. Sikuwa nimeliosha."

Mvua ilipiga muda mrefu. Kisha akageuka, taratibu sana, kama vile hakuwa na hakika kichwa kitakubali. Uso wake sikuweza kuusoma, kovu halina namna ya kuonyesha. Mikono ndiyo niliyoiona. Ilikuwa inatafuta kitu cha kushika juu ya kochi, ikapata mto, ikaukamua.

"Rudia."

Nikarudia.

"Tangu asubuhi. Rudia tangu tulipofungua mlango. Usiruke kitu."

Nikamweleza yote. Kofuli lililogoma, uji tulioununua, rangi ya lori. Mwenye lori na funguo zake. Aliniuliza tangi lilikuwa upande gani, nikamwambia. Aliuliza mimi nilikuwa wapi, nikamwambia hatua kumi. Aliuliza kama nilikuwa nimeanza kuondoka, kama nilijua. Nikasema hapana, sikujua, nilidhani litakubali.

"Kwa nini ulisema umeliosha?"

Hapo ndipo ningependa niwe na jibu kubwa. Sina.

"Mwenye lori alikuwa anatazama. Niliona haya kusema bado."

"Haya."

"Ndiyo."

"Miezi minane najiita mjinga," akasema. "Kila asubuhi, kabla sijajua kama kumekucha. Unajua najuaje kumekucha? Namsikia mama anawasha jiko. Halafu najiita mjinga. Na wewe uko chumba cha pili."

Nilipiga magoti. Nikaomba msamaha, maneno yenyewe siyaandiki, hayakuwa na maana. Alisubiri nimalize.

"Mama nani atamwambia habari za baba? Mimi?"

"Nitamwambia mimi."

"Leo."

Akainuka, akapita karibu yangu akipapasa ukuta, akaingia chumbani na kufunga.

Mama alirudi saa kumi na mbili kasoro, akasimama kwenye varanda akikung'uta kanga yake. Nilimwambia pale pale kabla hajavua viatu. La tangi alilisikiliza ameshika nguzo. La mlangoni alipolisikia aliingia ndani, akakitazama kile kiti kwa muda.

"La mwanangu nimelilia tangu mwaka jana, nitalilia upya," akasema. "Lakini mume wangu nilishamzika. Wewe umenifanya nimzike mara ya pili, tena leo, na nguo zangu zimelowa."

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Jumapili, 26 Aprili

Hakuna anayezungumza.

Jumatatu, 27 Aprili

Hivyo hivyo. Mvua imepungua.

Alhamisi, 30 Aprili

Risiva haijawashwa tangu Jumamosi. Leo Bi Nyaya kapita kuuliza kama nyuma bado zinalia. Chiriku akamjibu toka chumbani: "Zinalia, mama. Mimi ndiye ninayepumzika." Bi Nyaya kanitazama, katazama mahali kilipokuwa kiti kabla mama hajakiondoa, hakuuliza.

Jumapili, 3 Mei

Mama kaniwekea chakula mezani. Siku nane nilikuwa najipakulia.

Jumanne, 5 Mei

Chiriku ametuita wote wawili. Anakwenda shule.

"Nilikataa kwa sababu nilidhani nimejiumiza mwenyewe," akamwambia mama. "Sasa sina sababu." Kwangu hakusema kitu, lakini alijua nimekaa wapi.

Nikamuuliza kama nimpakie gemu na risiva.

"Risiva ni ya baba, ibaki na mama. Akitaka awashe, asitake asiwashe."

Jumamosi, 9 Mei

Jua la kwanza. Nimefungua karakana. Mteja kaleta tangi. Nimemwambia aje keshokutwa. Akasema fundi mwingine atamchomea leo. Nikamwambia amwambie huyo fundi mwingine aulize kama limeoshwa, na yeye mwenye tangi asimsimamie na saa. Kaondoka ananiona kichaa.

Alhamisi, 14 Mei

Gari la shule limekuja asubuhi, lakini limesimama barabara kubwa. Njia yetu bado ni matope na mashimo, haliwezi kuingia. Mama magoti yanamsumbua, alimuaga mlangoni, akamshika uso kwa mikono miwili muda mrefu. Nikachukua begi.

Nilinyoosha mkono nimshike.

"Usinishike."

Nikarudisha mkono. Nilisimama na begi lake na aibu yangu, watu wa mtaani wanatazama. Chiriku naye alisimama, ananusa hewa. Kisha vidole vyake vikaja, vikapapasa begani kwangu, vikashuka, vikakaza juu ya kiwiko.

"Mwalimu anasema asiyeona hashikwi. Yeye ndiye anayeshika," akasema. "Sijakusamehe. Usije ukafikiri."

"Sifikiri."

"Sijui kama nitakusamehe. Nitakuambia nikijua. Sasa tembea, na unachokiona kiseme, hata kama ni kidogo, hata kama unaona haya."

Nikapiga hatua moja.

"Dimbwi," nikasema. "Kubwa. Sijui kina chake."

"Basi tuzunguke."

Tukazunguka.